Umeliruka Jamvi

Kitabu chenyewe ukikiona huwezi kukipa hata nafasi juu ya meza. Kurasa saba za karatasi ngumu, pembe zimetafunwa, na mgongo wake umegandishwa kwa gundi ya unga wa ngano niliyoipika mwenyewe. Ndani mna paka mdogo anayezunguka nyumba jioni akiuliza kila kitu kama kimelala. Basi, ndiyo yote. Hamna sungura, hamna jini, hamna mtoto wa mfalme. Mkaza mwanangu Suhaila, anayesomesha watoto wa maandalizi hapa kwetu Ole, alikichukua skuli kilipoanza kuchanika, na tangu siku ile mjukuu wangu Nusaiba, wa miaka minne, halali mpaka asomewe.

Chumba changu kimepakana na chao na ukuta wetu haukufika juu, kwa hiyo somo hilo nalipata kila siku bila ya kuliomba. Suhaila huuliza, mtoto hujibu.

"Kuku, kuku, umelala?"

"Nimelala, bawa nimelikunja."

"Mbuzi, mbuzi, umelala?"

"Nimelala, kamba yangu fupi."

"Kinu, kinu, umelala?"

"Nimelala, ungo umenifunika."

"Ndoo, ndoo, umelala?"

"Nimelala, maji yametulia."

"Jamvi, jamvi, umelala?"

"Nimelala, nimejikunja."

Mwisho kabisa zamu hugeuka. Mtoto ndiye huuliza, "Mama, mama, umelala?" na Suhaila humjibu, "Bado, mwanangu, nakungoja wewe." Hapo taa huzimwa.

Mimi nilikuwa nikikicheka kitabu hicho waziwazi. "Ndoo ina macho hata ilale?" nilimuuliza Suhaila mara nyingi, naye akanijibu kwamba watoto wadogo hupenda kuona kila kitu kimewekwa mahali pake kabla ya kufumba macho. Nikamwambia sisi tulilazwa kwa kofi moja na tukalala vizuri tu. Lakini kuna jambo lililokuwa likinichekesha kweli. Suhaila akichoka huruka ukurasa, amalize upesi. Na mtoto, hata kama ameshaanza kusinzia, huinuka kama aliyechomwa mwiba: "Umeruka! Umemruka mbuzi!" Hapo nilikuwa nikijiziba mdomo kwa kanga nisisikiwe.

Tena niseme na hili, maana bila ya hili mengine hayatafahamika. Mimi Mardhiya binti Mbarouk sikusoma. Msahafu nausoma, alhamdulillahi, lakini herufi za skuli sizijui, na mjukuu wangu sikupata kumwambia. Kila akinijia na karatasi nilikuwa na mkono wa unga, au macho yananiuma, au nina haraka. Mficha uchi hazai, walisema wakubwa, nami nilificha.

Siku ile Suhaila alishikwa na uchungu alfajiri. Jirani yetu Hamad akatafuta gari, wakampeleka hospitali Mkoani, kwa kuwa Talib, mwanangu, alikuwa anarudi kutoka Unguja na boti na angeteremka hukohuko. Ilikuwa mimba ya tabu, miguu yake imevimba tangu mwezi wa sita. Akiwa ameshaketi garini alinishika mkono.

"Mama, usiku unsomee ntoto kitabu chake."

"Nenda na salama, mwanangu," nikamwambia. Sikusema nitamsomea.

Usiku ule wa kwanza Nusaiba aliniletea kitabu na mimi nikamwambia kitabu nacho kimelala. Akalia. Nikamwacha alie mpaka akachoka. Kisha, nilipodhani ameshapitiwa na usingizi, nikamkuta amesimama juu ya kitanda, kidevu chake kwenye dirisha.

"Bibi, mama ananiita."

Mwili wangu ukanisisimka. Sikusikia kitu mimi, ila upepo kwenye mikarafuu. Lakini mama yake yuko Mkoani baina ya uhai na mauti, na mtoto anasema anamwita. Nikamvuta chini na nikamwambia lile nililoambiwa na mimi nikiwa na umri wake, na kila mtu hapa kwetu ameambiwa. Kiza kikishaingia, ukisikia jina lako linaitwa nje, usiitike. Mwenye haja na wewe atakuja mlangoni atapiga hodi. Yule anayeita jina tu, akiwa mbali, si mtu.

"Hata akiwa na sauti ya mama?"

"Hasa akiwa na sauti ya mama. Huiga."

"Na sauti yako?"

"Na yangu pia. Huiga sauti ya yeyote unayempenda. Ukiitika mara moja tu, kashakujua ulipo."

Alinikodolea macho. Akajikunyata chini ya shuka, hakulia tena wala hakumtaja mama yake, na kwa dakika chache akalala. Nami, Mungu anisamehe, nilijiona mjanja. Nikasema: hivi ndivyo watoto wanavyolazwa, si kwa kuulizana na ndoo.

Siku ya pili ilipita yote bila ya habari. Simu yangu nilikuwa nimeipeleka dukani kutiwa chaji, na kila nikimtuma mtu aniletee, jawabu ni moja: umeme umekatika. Nilikuwa najitia kazi. Karibu na magharibi Nusaiba akanijia uani, kitabu kifuani.

"Bibi, tusome sasa, kabla ya kiza."

"Mwenye kitabu hayupo," nikamwambia. "Ngoja arudi."

"Mimi naweza kusoma mwenyewe."

"Haya soma, nani kakuzuia?"

Nikaenda kutia udhu. Nilisali magharibi, na baada ya salamu nikainua mikono nikamwombea Suhaila, nikaomba, nikaomba, mpaka miguu ikafa ganzi. Nilipotoka chumbani kiza kilikuwa kimeshaingia na nyumba ilikuwa kimya.

"Nusaiba."

Sikuona ajabu kwanza. Nikatazama kitandani, chini ya kitanda, nyuma ya mlango. Nikatoka uani na tochi. Banda la kuku limefungwa, na mbele ya kilango chake pamewekwa kijiwe kidogo ambacho mtu mzima asingekiweka. Nikapita kwa mbuzi. Kamba yake ilikuwa imezungushwa mtini mara tatu nne, mbuzi ameshikwa shingo fupi anashindwa hata kugeuka. Kisha tochi ikaangukia kinu. Juu yake pamefunikwa ungo.

Hapo nikafahamu. Mtoto alikuwa akisoma. Hakusoma kwa kukaa na kufunua kurasa, alisoma kwa miguu yake, kitu kimoja kimoja, kama yule paka. Kuku, mbuzi, kinu. Na baada ya kinu, nani asiyejua, huja ndoo.

Ndoo yetu haikai nyumbani. Hukaa kisimani, shambani kwa Mabruki, pale sote tunapoteka maji. Kisima chenyewe ni cha zamani, mdomo mpana, ukingo wake haufiki magoti ya mtu mzima, na mbao zilizowekwa kukifunika zimeoza miaka mingi. Kila mwaka twasema msimu wa karafuu ukipita tutakitengeneza. Msimu hupita.

Nilikimbia. Nina miaka sitini na mitano na goti moja bovu, lakini nilikimbia, kanga moja ikabaki kwenye miba ya mlimau. "Nusaiba! Nusaiba we! Nusaiba, itika mwanangu!" Sauti yangu mwenyewe ikinirudia kutoka kwenye mikarafuu. Hakuna kilichojibu.

Makelele yangu yakatoa watu. Hamad alikuja wa kwanza, kisha Mabruki na taa yake, kisha wanawake kutoka huku na huku, kila mmoja na simu inamulika. Wakanishika wakaniuliza, nikawaambia. Na wote, bila ya mtu kumwambia mwenzake, wakaanza kuita.

"Nusaiba!"

"Nusaiba wee!"

"Nusaiba, njoo kwa bibi!"

Shamba zima likawa jina la mtoto. Mtu akapiga mbio msikitini, na baada ya kitambo nikamsikia Shehe Ishak kwenye kipaza sauti cha betri, sauti ile nzito inayosikika mpaka barabarani: "Nusaiba binti Talib! Nusaiba binti Talib! Popote ulipo, itika!" Jina likapita juu ya miti likarudi. Mimi lilinitia baridi, na mimi ni mkubwa.

Mabruki ndiye aliyefika kisimani mbele yangu. Nilimwona anainama, anaokota kitu, anakificha nyuma yake.

"Ni nini hicho?" nikamuuliza.

"Bi Mardhiya, kaa chini kwanza."

"Nionyeshe, Mabruki."

Akanionyesha. Kilikuwa kitabu. Alikikuta juu ya ukingo wa kisima, kimefunguliwa ukurasa wa ndoo, na ndoo yetu iko pembeni, wima, ina maji nusu. Ubao mmoja wa kisima ulikuwa umekatika. Ulikatika lini, hakuna aliyejua.

Sijui niliketi au nilianguka. Nilijikuta chini, mikono miwili imeshika udongo, na kinywani hamna neno. Nilitaka kusema la ilaha illa Llah na ulimi haukugeuka. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku yoyote ya maisha yangu, na nimezika mume na watoto wawili. Wanaoogopa mauti huogopa kwa sababu hawajui yatakuja lini. Mimi nilidhani yameshakuja, yako hatua tatu mbele yangu, chini ya maji, na mimi ndiye niliyesema haya soma, nani kakuzuia.

Wakaleta kiopoo, zile ndoana za chuma tunazoopolea ndoo zilizozama. Mabruki akamulika, Hamad akaiteremsha kamba. Nilikisikia chuma kikigonga ukuta wa kisima, ta, ta, ta, kisha maji. Watu walikuwa bado wanaita huku na huku, na Shehe Ishak hajanyamaza. Hamad akaizungusha kamba polepole. Kisha akasimama.

"Kuna kitu," akasema.

"Kizito?"

"Kizito. Laini."

Mwanamke mmoja nyuma yangu akaanza kulia kilio cha msiba. Hamad akavuta, uso ameugeuza pembeni hataki kutazama, kamba inapanda mkono kwa mkono, na kila mkono mmoja nilikufa mara moja. Kikatokea juu kinachuruzika maji. Lilikuwa gunia. Gunia la zamani la karafuu, limejaa tope.

Hakuna aliyeshukuru. Gunia lilimaanisha tu kwamba itabidi mtu ashuke. Hamad akavua shati, akaanza kujifunga kamba kiunoni. "Mie ntashuka," akasema. "Endeleeni kwita nyie, huenda kajificha tu mahali. Ntoto akisikia jina lake atakwitika."

Nilimtazama Hamad. Nikamtazama Mabruki. Watu wazima, wenye ndevu na wajukuu, wote wamelelewa hapahapa Ole, na wote, kama mimi, usiku hawaitiki. Hamad mwenyewe mkewe akimwita kutoka uani baada ya isha humngoja aje mlangoni. Na sote tulikuwa tumesimama kizani tukiita jina la mtoto kwa sauti thelathini.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wangu mimi alisikia la mkuu.

"Nyamazeni!" nikapiga ukelele.

"Bi Mardhiya..."

"Nyamazeni nyote! Ntu asimwite tena! Hamad, nenda kamwambie Shehe Ishak azime kile chombo!"

Walidhani nimeshikwa na wazimu. Mwanamke mmoja akanishika bega, nikamsukuma. "Jana usiku nlimwambia asiitike," nikasema. "Miye. Nlimwambia ikiwa sauti ya mamake asiitike, na ikiwa sauti yangu asiitike. Kama yu hai, anatusikia, na kila tukimwita twamtisha."

Hapo wakafahamu. Sikuhitaji kueleza zaidi, maana kila mmoja pale ana siku yake aliyoambiwa maneno yale na aliyemwambia. Mmoja akazima tochi, mwengine akazima. Kijana akatumwa msikitini, na mara kipaza sauti kikakatika katikati ya jina.

Sasa nifanye nini? Nikimwita, mimi ni shetani. Nikinyamaza, sijui kama ni mzima au yuko chini ya maji, na kila dakika inayopita ni dakika ya Hamad kutokushuka. "Bi Mardhiya," akaninong'oneza, kamba kiunoni, "miye siwezi kungoja sana."

"Ningoje kidogo tu."

Kitabu kilikuwa mikononi mwangu. Nilikifungua, ingawa kiza kilikuwa kizito na hata kungekuwa mchana nisingekisoma. Nilikishika kwa ajili ya kushika kitu. Nikajisimamisha, na mbele ya majirani zangu wote, mimi niliyekuwa nikiuliza kama ndoo ina macho, nikaanza.

"Kuku, kuku, umelala?"

Nikangoja. Mahali pake pa kujibu nikapaacha wazi, kama mama yake anavyopaacha. Hakuna.

"Mbuzi, mbuzi, umelala?"

Hakuna. Nilimsikia mtu anavuta pumzi ya kilio. Nikainua mkono anyamaze.

"Kinu, kinu, umelala?"

Majani ya mikarafuu yalitikisika, yakatulia. Nilikuwa ninaomba na kusoma kwa wakati mmoja, moyoni ya Rabbi, kinywani kinu. Na kilichofuata ni ndoo. Niliitazama ile ndoo, iko pale miguuni kwangu karibu na ubao uliokatika, na neno likanikwama. Nikalitoa kwa nguvu.

"Ndoo, ndoo, umelala?"

Maji yametulia, ndivyo anavyojibu. Maji yametulia. Niligeuza uso kisimani na sikujua tena niko ukurasa gani wala nasema nini. Nilitaka tu kufika mwisho, nianguke. Nikasema lile la mwisho, la zamu yake.

"Mama, mama, umelala?"

Kimya. Nikamsikia Hamad anakaza fundo la kamba. Nikamsikia anasema bismillahi.

Kisha, kutoka upande wa banda la Mabruki, hatua ishirini hivi kutoka kisimani, ikatoka sauti ndogo, ya hasira.

"Umeliruka jamvi."

Hamad akataka kuruka kuelekea kule. Nilimshika mkono kwa kucha. Bandani mlikuwa mmepangwa majamvi ya Mabruki ya kuanikia karafuu, yamekunjwa kwa jioni ile, marefu, yamelala moja juu ya jengine, na hakuna aliyekuwa amewaza hata kuyamulika. Nikavuta pumzi.

"Jamvi, jamvi, umelala?"

"Nimelala, nimejikunja."

Jibu lilitoka ndani ya jamvi. Wanawake nyuma yangu walikuwa wameziba midomo kwa kanga, mabega yanawatikisika. Lakini mtoto hakutoka. Alingoja, na mimi nikajua anangoja nini, maana kitabu hakijesha.

"Mama, mama, umelala?" akauliza, polepole sana, na sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka.

Sikuwa na sauti ya mama yake. Sikujua hata kama mama yake ni mzima. Nilikuwa na hii niliyonayo, kavu, mbovu.

"Bado, mwanangu," nikasema. "Nakungoja wewe."

Jamvi la chini kabisa likatikisika. Ukatoka mguu mmoja, kisha wa pili, kisha mjukuu wangu mzima mzima, ana vumbi la karafuu kwenye nyusi, mkojo umemlowesha gauni. Hakuja mbio. Alisimama pale anatutazama, watu wote wale kizani, na mimi ndiye niliyemwendea kwa magoti.

Nyumbani nilimkosha, nikambadilisha nguo, nikamtia kitandani kwangu. Majirani waliondoka, Hamad wa mwisho, akisema kesho alfajiri kisima kile kitawekewa mfuniko au yeye si mtoto wa Kipemba. Nusaiba hakulala. Alikuwa chali, macho wazi, mkono wake umeshika ncha ya kanga yangu.

"Ulitusikia tukikwita?" nikamuuliza.

"Nlisikia. Wengi."

"Na mimi ulinisikia?"

"Weye nlikusikia wa mwanzo. Ulikuwa walia. Nkasema lile dude lajua hata kulia kama bibi."

Nilitazama dari. Mtoto wa miaka minne, ndani ya jamvi, peke yake, anamsikia bibi yake analia na kumwita, naye ameuma meno asiitike kwa kuwa bibi yuleyule alimwambia. Nilitia kanga machoni. Nilishaogopa mengi usiku ule, lakini hilo ndilo ninaloliogopa mpaka leo.

"Sasa ulijuaje kama ni miye?" nikamuuliza nilipoweza.

"Uliruka."

"Shetani haruki?"

Aliwaza. "Shetani angesoma sawasawa," akasema. "Weye hujui kusoma, bibi."

Kumbe alijua. Miezi yote ile ya mikono ya unga na macho yanayouma, alijua, na hakupata kunisema. Nikacheka huku nalia, naye hakucheka, alinitazama tu kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa.

"Nusaiba, sikiliza. Lile nlilokwambia jana..."

Sikumaliza. Nje, upande wa njiani, mtu akaita.

"Bi Mardhiya!"

Si hodi. Jina tupu, kutoka mbali, kizani. Nusaiba aliinuka na kiganja chake kikaniziba mdomo, kidogo, chenye harufu ya karafuu.

"Usiitike, bibi," akaninong'oneza. "Usiitike."

Na mimi, ningesema uongo nikisema sikuogopa. Miaka sitini sijapata kuitika. Mama yangu aliyenifundisha yuko kaburini na hakupata kuitika. Nywele zilinisimama, na nilitaka kuvuta shuka juu yetu sote wawili tungoje hodi. Lakini nilimwona macho yake. Nikakishika kile kiganja, nikakiondoa.

"Labeka!" nikaitika, kwa nguvu, kwa mwito uleule wa kwanza.

Akafumba macho akingoja litakalotupata. Nyayo zikakaribia.

"Ni miye Hamad, bi mkubwa. Talib yu kwenye simu yangu, yuko Mkoani. Suhaila kajifungua salama, yeye na ntoto wazima. Anataka kunsikia Nusaiba." Kisha akapaza sauti zaidi. "Nusaiba!"

Nilisema alhamdulillahi, nikairudia, mikono yote miwili imeshika godoro. Nusaiba alinitazama. Sauti ilikuwa ya Hamad, na sote wawili tulijua kwamba sauti huigwa. Moyo wangu nilikuwa nausikia masikioni, na wake nilikuwa nauhisi chini ya mkono wangu.

"Itika," nikamwambia.

Alimeza mate. Akashika kanga yangu kwa mikono miwili.

"Labeka," akasema, kidogo sana, na tukateremka kitandani pamoja kwenda kufungua mlango.